Katazo lile lilitoka wapi? Jibu kwa msomaji wa Dar es Salaam

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaoitwa Wamormoni, hapa Dar es Salaam. Mjomba wangu, ambaye ni mchungaji wa Kilutheri, amenitumia video inayosema kanisa letu lilifundisha kwamba mtu mweusi amelaaniwa, na kwamba tulinyimwa ukuhani mpaka 1978. Nilimuuliza askofu wa kata yetu (ndivyo tunavyouita usharika), akanijibu kwa upole kwamba lilikuwa agizo la Mungu tangu mwanzo na sababu zake anazijua Yeye. Mtandaoni kila mahali nakuta "wanahistoria wamethibitisha", lakini hawatajwi ni akina nani. Ni wanahistoria gani hao? Walijuaje? Na mtu kama mimi atatofautishaje kitabu kinachotafuta ukweli na kile kinachotaka kumvuta upande wake?

Jibu: Marahaba. Umeuliza maswali matatu, na la katikati ndilo lenye utajiri, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Kwanza tuweke wazi kilichotokea. Katazo lilikuwepo, na mjomba wako hapo hajakudanganya. Kuanzia 1852 hadi Juni 1978 mwanaume mwenye asili ya Afrika hakutawazwa katika ukuhani. Wewe unalijua kanisa lako, unajua uzito wake: ukuhani wenu haumhusu padri peke yake, hata kijana wa miaka kumi na miwili huupokea. Kumnyima mtu mweusi ukuhani kulikuwa kumwambia kwamba hawezi kubariki sakramenti, hawezi kumbatiza mwanawe, hawezi kuongoza hata tawi dogo kabisa. Wanawake weusi nao walizuiwa kupokea endaumenti, ile ibada takatifu ya hekaluni, na kuunganishwa humo na waume zao kwa ndoa ya milele. Lakini lile neno la "tangu mwanzo" alilokuambia askofu halisimami. Askofu wako hakulitunga, amelirithi kutoka kwa watu waliomtangulia, na hata maandishi rasmi ya kanisa lake yameshaliacha.

Sasa tuje kwa mtu aliyelichimbua. Anaitwa Lester Bush. Hakuwa profesa wa historia, alikuwa daktari wa tiba, Mmarekani, muumini wa kanisa hilohilo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 alikusanya kila waraka alioweza kuupata kuhusu watu weusi katika Umormoni: mahubiri, barua, shajara, kumbukumbu za vikao. Alipata hata nakala za mijadala ya viongozi wakuu iliyofanyika faraghani, kwa kuwa mtume mmoja (cheo cha viongozi wa juu wa kanisa hilo), Adam S. Bennion, alikuwa ameacha makaratasi yake, nayo yakaishia katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Brigham Young. Makala ya Bush ilitoka mwaka 1973 katika jarida la Dialogue. Ukiniuliza ni makala gani moja iliyobadilisha zaidi namna Wamormoni wanavyoijua historia yao, nitakutajia hiyo bila kusita.

Alichofanya Bush kinaonekana rahisi ukishakiona. Badala ya kuuliza "kwa nini Mungu aliagiza hivi?", swali ambalo watu walikuwa wakilizunguka kwa miaka mia moja, aliuliza: waraka wa kwanza kabisa unaotaja katazo hili ni wa tarehe gani, na uliandikwa na nani? Akarudi nyuma mwaka kwa mwaka. Joseph Smith, nabii wa kwanza, aliuawa katika jela ya Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844. Katika yote aliyoyaandika au kuyaamuru yaandikwe, Bush hakupata agizo la namna hiyo. Alichokipata ni kinyume chake: wanaume weusi waliotawazwa Joseph Smith akiwa hai.

Mashuhuri kati yao ni Elijah Ables, fundi seremala. Alitawazwa mwaka 1836 kule Kirtland, Ohio, na Desemba ya mwaka huohuo akaingizwa katika akidi ya Sabini, kundi la wenye ukuhani wa kuhubiri injili. Alitumwa misioni zaidi ya mara moja, na ya mwisho aliianza mwaka 1883 akiwa mzee, akafariki Desemba 1884 baada tu ya kurudi Utah. Mwingine ni Walker Lewis, kinyozi wa Lowell, Massachusetts, mpigania uhuru wa watumwa. Machi 1847 Brigham Young mwenyewe, akizungumza kambini Winter Quarters kabla msafara haujaelekea Utah, alimsifu huyo kinyozi Mwafrika wa Lowell kuwa ni miongoni mwa wazee bora walio nao, na "mzee" hapo ni cheo cha ukuhani. Fikiria uzito wa maneno hayo yanapotoka katika kinywa cha mtu ambaye miaka mitano baadaye ndiye aliyetangaza katazo.

Tangazo lenyewe tunajua lilitolewa wapi. Ilikuwa katika bunge la jimbo la Utah, tarehe 5 Februari 1852, wakati wa kikao kilichopitisha sheria ya kuhalalisha namna fulani ya utumwa. Brigham Young alikuwa gavana na rais wa kanisa kwa wakati mmoja. Hotuba za kikao kile zilinakiliwa kwa hatimkato na karani George D. Watt, na sehemu kubwa ya hatimkato hiyo ilikaa miaka mingi bila msomaji, kwa sababu aina ile ya maandishi karibu hakuna tena anayeijua. LaJean Carruth, mtaalamu wa hatimkato, ndiye aliyeyafungua, na mwaka 2024 yeye pamoja na Paul Reeve na Christopher Rich walichapisha kitabu kizima juu ya kikao hicho. Humo utamsikia mtume Orson Pratt akipinga utumwa mbele ya Brigham Young na kutaka wanaume weusi waruhusiwe kupiga kura. Kwa maoni yangu hilo ni jambo la kushikilia sana. Mara nyingi huambiwa kwamba watu wa zama zile wote waliwaza hivyo. Si kweli. Katika chumba kilekile, siku zilezile, alikuwepo mtume aliyewaza vingine, akalisema, na akashindwa.

Swali linalofuata ni la haki: kama Joseph Smith hakuagiza, ilikuwaje vizazi vyote vikaamini kuwa aliagiza? Hapa ndipo ninapowapeleka wanafunzi wangu kila mwaka, kwa sababu ni nadra kuona kumbukumbu ya watu ikigeuka mbele ya macho yako hivi.

Mwaka 1879 Elijah Ables alikuwa bado hai Salt Lake City, naye alikuwa ameomba kupokea endaumenti. John Taylor, aliyekuwa akiliongoza kanisa baada ya kifo cha Brigham Young, akataka kujua Joseph Smith alisema nini. Wazee wawili aliowahoji, Zebedee Coltrin na Abraham Smoot, wakatoa ushahidi. Coltrin alidai kwamba mwaka 1834 Joseph alimwambia mtu mweusi hana haki ya ukuhani, na kwamba Ables aliondolewa katika Sabini asili yake ilipojulikana. Shida ni kwamba kumbukumbu za wakati ule zinaonyesha kuwa Coltrin huyohuyo ndiye aliyemtawaza Ables kuwa Sabini mwaka 1836, yaani miaka miwili baada ya hilo agizo analodai kulisikia. Kisha kijana mmoja katika viongozi, Joseph F. Smith (usimchanganye na nabii Joseph Smith), akaenda kumwona Ables mwenyewe. Akarudi na habari kwamba mzee yule ana vyeti viwili vya Usabini wake, kimoja cha 1841 na kingine alichopewa Salt Lake, na kwamba nabii Joseph alimfahamu vizuri na hakumwondolea chochote. Ushahidi wa karatasi ulisimama dhidi ya ushahidi wa mdomo, na karatasi ikashinda: Ables aliachwa na ukuhani wake, ingawa endaumenti alinyimwa.

Sasa ruka hadi 1908. Ables amekufa, Taylor amekufa, na Joseph F. Smith ndiye rais wa kanisa. Katika kikao cha mwaka huo akasema kwamba utawazo wa Ables ulibatilishwa na Joseph Smith mwenyewe. Huyu ndiye aliyeviona vile vyeti kwa macho yake! Sidhani kwamba alisema uongo kwa makusudi. Miaka takriban thelathini ilikuwa imepita, desturi ilikuwa imekomaa, na desturi iliyokomaa hutafuta mzazi wa heshima. Mwaka 1949 Urais wa Kwanza, yaani rais wa kanisa na washauri wake, ukatoa tamko kwamba jambo hili si sera, ni amri ya moja kwa moja kutoka kwa Bwana, iliyokuwepo tangu kuanzishwa kwa kanisa. Hilo ndilo neno lililomfikia askofu wako, kupitia mikono mingi.

Lakini orodha ya tarehe haitoshi kuonyesha jambo hili lilimfanya nini binadamu, na kwa hilo ninakuomba umsome Jane Manning James. Alizaliwa huru Connecticut, akabatizwa, na mwaka 1843 akaondoka na ndugu zake kwenda kuishi na Watakatifu kule Nauvoo, Illinois. Walipofika Buffalo wakanyimwa usafiri, wakatembea kwa miguu njia iliyobaki, zaidi ya kilomita elfu moja, hadi viatu vikaisha na nyayo zikatoa damu. Joseph na Emma Smith walimpokea akaishi nyumbani kwao. Mwaka 1847 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika bonde la Salt Lake. Kisha kwa miaka na miaka aliwaandikia na kuwaendea viongozi akiomba endaumenti na kuunganishwa, akakataliwa. Mwaka 1894 walimpa kitu ambacho hakikuwahi kufanyika kabla wala baada yake: aliunganishwa na familia ya Joseph Smith kama mtumishi, mtu mwingine akisimama kwa niaba yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuruhusiwa kushiriki ibada hiyo hekaluni. Akaendelea kuomba. Alifariki mwaka 1908, na rais wa kanisa akazungumza katika mazishi yake. Tunayajua haya kwa sababu aliisimulia habari ya maisha yake ikaandikwa, na barua zake zikahifadhiwa. Quincy Newell alitoa wasifu wake mwaka 2019, kitabu kifupi, chenye huruma, na kisichomgeuza Jane kuwa sanamu ya hoja ya mtu yeyote. Mimi naona tusiposoma maombi ya Jane hatujaielewa sura hii ya historia, hata tukikariri kila tamko.

Afrika nayo haikukaa kimya ikisubiri. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, watu wa Nigeria na Ghana waliopata vitabu vya Kimormoni walianzisha makusanyiko yao wenyewe bila hata mmisionari mmoja, wakaandika makao makuu ya kanisa, Salt Lake City, wakiomba ubatizo. Kanisa lilipotaka kutuma watu Nigeria, mwanafunzi mmoja Mnijeria aliyekuwa anasoma California akaufichua msimamo wa ukuhani katika gazeti la Nigerian Outlook, mwaka 1963, na serikali ikasita kutoa viza. Mwanahistoria James Allen aliieleza habari hiyo kwa kina mwaka 1991. Katika miaka ya 1970 kule Brazil lilikuwa linajengwa hekalu la São Paulo, katika nchi ambayo watu wamechanganyika kiasi kwamba kumtenga mwenye asili ya Afrika kulikuwa hakuwezekani bila kubahatisha. Sisemi makala ya daktari Bush ndiyo iliyoleta badiliko. Rais Spencer W. Kimball alisema alipokea ufunuo wa kuondoa katazo hekaluni tarehe 1 Juni 1978, na wenzake walikuwa pamoja naye. Nisemalo ni kwamba kufikia siku hiyo, anayesoma hakuweza tena kudai kwa dhamiri safi kwamba Joseph Smith ndiye aliyefunga mlango. Tarehe 21 Novemba 1978 Anthony Obinna alibatizwa Nigeria, baada ya kungoja miaka mingi.

Na zile sababu walizopewa watu, kwamba weusi walirithi laana ya Kaini, au kwamba roho zao zilikosa ujasiri kabla ya kuzaliwa? Hayo yalifundishwa, na viongozi wakubwa, katika vitabu vilivyouzwa sana. Bruce R. McConkie, mtume aliyekuwa ameyaandika kwa nguvu kuliko wengi, aliwaambia walimu wa kanisa Agosti 1978 wayasahau yote aliyoyasema yeye na waliomtangulia yanayopingana na ufunuo ule, kwa kuwa walisema wakiwa na uelewa mdogo. Desemba 2013 kanisa likachapisha katika tovuti yake insha kuhusu rangi na ukuhani. Inasema wazi kwamba Brigham Young ndiye aliyetangaza katazo mwaka 1852, kwamba hakuna ushahidi wa kuaminika kuwa mtu mweusi alinyimwa ukuhani enzi za Joseph Smith, na kwamba kanisa linayakana maelezo ya laana. Katika toleo la Kiingereza la maandiko matakatifu la mwaka huohuo, utangulizi wa Tamko Rasmi la 2, lile lililotangaza badiliko la 1978, nao unakiri kwamba weusi wachache walitawazwa wakati wa Joseph Smith. Askofu wako akiyasoma hayo atakuwa anasoma kanisa lake mwenyewe, si adui yake. Mwonyeshe kwa heshima, mkiwa wawili, siyo mbele ya kata nzima.

Sasa nikujibu lile la kutofautisha vitabu. Kosa linalofanywa na wengi ni kuuliza kwanza "mwandishi ni Mmormoni au siyo?" Swali hilo litakupotosha. Bush alikuwa muumini. Juanita Brooks, mwalimu wa kusini mwa Utah, alikuwa muumini hadi kufa, naye ndiye aliyechapisha mwaka 1950 kitabu kilichoonyesha kwamba mauaji ya wasafiri wapatao 120 pale Mountain Meadows, Septemba 1857, yalifanywa na wanamgambo wa Kimormoni, wakati lawama ilikuwa imesukumiwa Wahindi Wekundu wa Kipaiute. Miaka hamsini na minane baadaye wanahistoria watatu Wamormoni, wakiwa na ruhusa ya kuingia katika hifadhi zote za kanisa, walichapisha Oxford kitabu kilichothibitisha kiini cha aliyoyasema mama yule. Upande wa pili, Jan Shipps alikuwa Mmethodisti, na waumini wengi wanasema aliwaeleza vizuri kuliko walivyojieleza. Fawn Brodie, aliyetengwa na kanisa mwaka 1946 kwa sababu ya wasifu wake wa Joseph Smith, alifukua nyaraka nyingi. Lakini anapoingia kichwani mwa Joseph na kutuambia alichokuwa anawaza, mimi huweka kalamu chini na kutafuta ushahidi, na mara nyingi siuoni.

Kwa hiyo tazama vitu vingine. Tazama tanbihi: je, zinakupeleka kwenye waraka wa siku ile, au kwenye kumbukumbu za mtu aliyehojiwa miaka arobaini baadaye? Umeona kwa Coltrin tofauti hiyo ilivyo kubwa. Tazama kama mwandishi anakuwekea mezani ushahidi unaomsumbua yeye mwenyewe. Video aliyokutumia mjomba wako, nadhani, haikukutajia Elijah Ables wala Orson Pratt, kwa sababu hao wanaharibu hadithi ya kanisa lililokuwa baya tangu siku ya kwanza. Vitabu vya kujitetea navyo vilimficha Ables huyohuyo kwa miaka mingi, kwa sababu anaharibu hadithi nyingine. Mtu anayefichwa na pande zote mbili mara nyingi ndiye unayepaswa kumtafuta kwanza.

Na usidhani kwamba waraka ukiwa mkongwe ndiyo basi. Katika miaka ya 1980 Mark Hofmann, mfanyabiashara wa nyaraka za kale, aliwauzia wakusanyaji na kanisa lenyewe barua za kughushi kuhusu Joseph Smith. Siri ilipokaribia kufichuka, Oktoba 1985, akawaua watu wawili kwa mabomu. Tangu hapo watafiti wa fani hii huuliza pia karatasi imetoka mikononi mwa nani, na wino ni wa lini.

Kazi hii imewagharimu watu. Leonard Arrington aliteuliwa mwaka 1972 kuwa mwanahistoria wa kanisa, akafungua hifadhi na kuajiri vijana wenye elimu, na miaka kumi baadaye akaondolewa na idara yake ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Septemba 1993 wasomi na waandishi sita waliadhibiwa na kanisa, akiwemo mwanahistoria Michael Quinn, aliyetengwa. Siandiki haya ili kukuchonganisha na viongozi wako. Nayaandika kwa sababu maneno "wanahistoria wamethibitisha" yana watu ndani yake, na wengine walilipia kila ukurasa. Hali ya leo ni tofauti kabisa: kati ya 2008 na 2023 kanisa lilichapisha juzuu 27 za nyaraka za Joseph Smith zenye maelezo ya kitaalamu, na unaweza kuzisoma bure mtandaoni, picha ya karatasi upande mmoja na maandishi upande wa pili.

Lipo jambo moja ambalo hakuna mwanahistoria atakayekutolea. Historia inaweza kukuambia katazo lilitangazwa lini, na nani, mbele ya nani, na nani alipinga. Haiwezi kukuambia kama Mungu aliliruhusu, wala kwa nini nabii unayemwamini alikosea jambo zito hivi, kama ndivyo utakavyoamua kulisoma. Wapo waumini weusi Marekani na Afrika waliosoma yote niliyokutajia wakabaki, na wapo waliosoma yaleyale wakaondoka. Nimewaheshimu wote niliowafahamu. Mjomba wako na askofu wako watatamani kukusaidia kuamua, lakini omba kila mmoja asome kwanza unachosoma wewe.

Anza na insha ya 2013, ni fupi. Kisha wasifu wa Jane Manning James wa Newell. Ukishamaliza, chukua kitabu cha Paul Reeve cha 2015 kuhusu rangi na Umormoni, ambacho pia kinaeleza jinsi Wamormoni weupe wenyewe walivyobaguliwa na Wamarekani wenzao kama vile si weupe wa kutosha, na jinsi walivyojitahidi kujitenga na weusi ili wakubalike. Makala ya Bush iweke mwisho, maana ni nzito na tanbihi zake ni nyingi. Isome pole pole, na ukikutana na Kiingereza cha karne ya 19 kinachokushinda, niandikie tena uniambie ni ukurasa gani.